Landrova ya Baba Yaenda Piyaya

Walimu wenzangu, safari hii nimeisimulia ofisini mara tano, na mara zote tano kengele imelia kabla sijafika Piyaya. Sasa kila mmoja wenu ana kipande chake, na nasikia vipande vimeanza kuota mkia. Kuna anayesema tulipinduka, kuna anayesema nilikimbizwa na nyati. Hatukupinduka, na nyati mwenyewe hakuwa na habari na mimi. Naandika yote kwa mpangilio ili turudi kusahihisha madaftari kwa amani. Mambo ya vibali na mafuta nitayaruka, hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kwa asiyemjua, baba yangu ni Mzee Bura wa Daa, mwenye umri wa miaka sabini na sita. Ameendesha magari tangu ujana wake: kwanza lori la mashamba ya kahawa kule Oldeani, kisha gari la serikali la chanjo ya ng'ombe, mwisho watalii. Kazi zote hizo amestaafu. Landrova yake mwenyewe, ya kijani na kuukuu, hajamwachia mtu hata kuiosha. Kila mwaka, likizo ya Juni, huiendesha peke yake hadi Piyaya, ng'ambo ya Ngorongoro, kumtembelea rafiki yake Mzee Kimirei.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Baba aliingia na gari ndani ya ua wa katekista. Hakupitia mlangoni. Kaka yangu Emanueli akaitisha kikao cha watoto, bila Baba, tukakata shauri: mzee aende Piyaya mara hii, ila mimi nifuatane naye. "Wewe ni mwalimu," Emanueli akaniambia. "Mtahini kimyakimya. Ukirudi utuambie neno moja tu, anaweza au hawezi. Ukisema hawezi, tunauza gari." Nikakubali, maana nilidhani neno moja ni kazi nyepesi.

Daa hadi Karatu: mzee aliyenuna

Tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Baba alikuwa ameshawasha gari na kulizima mara tatu, ili nijue kwamba halazimishi mtu. Nilitoka na kikapu cha mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, na chini ya viazi nimeficha daftari jipya na kalamu nyekundu.

Lazima mjue tabia moja ya Baba. Hapiti mzee barabarani bila kusimama. Tena hasimami tu, huzima injini kabisa, kwa sababu kwake kumsalimia mtu huku injini inanguruma ni kumkaripia. Akishazima huuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua na za wajukuu, kila moja na nafasi yake ya kujibiwa.

Basi hatujafika hata nusu ya njia ya kwenda mjini, nikaona amepunguza mwendo. Pembeni, juu ya kichuguu, palikuwa na kitu kimefunikwa blanketi la bluu. Baba akazima injini, akashusha kioo, akavua kofia, akaanza salamu kwa Kiiraqw. Nyumbani je? Kimya. Ng'ombe je? Kimya. Alipofika kwenye mvua akanigeukia.

"Huyu mzee kanuna," akaninong'oneza. "Sijui tumemkosea nini."

"Baba," nikasema, "hilo ni gunia la mkaa."

Akalitazama kwa muda mrefu. "Gunia la nani?"

"Sijui, Baba."

"Basi mwenyewe yuko karibu. Mtu haachi mkaa hivi hivi." Akavaa kofia, akawasha gari, akaliaga gunia kwa kuinua mkono.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka, tukacheka wote wawili mpaka kwenye daraja la mto. Pale darajani kicheko changu kikakatika. Niliwaza kwamba leo ameona gunia akadhani ni mtu, na kesho ataona mtu adhani ni gunia. Nikatoa daftari, nikaandika kosa la kwanza. Alama ile ya mkasi, nyekundu, iliniuma sana kuiandika.

Karatu hadi getini: msafara wa heshima

Karatu tulikunywa chai ya maziwa na chapati za moto katika hoteli ambayo mwenyewe anamwita Baba "injinia", sijui kwa nini, na Baba hajawahi kumkatalia. Kutoka hapo tukapanda kwenye lami. Mnakumbuka mwaka huu lami ndiyo kwanza imefika, bado nyeusi tii, na kila mwenye gari anaikimbilia. Baba haiamini. Anasema barabara isiyotikisa inamlaza dereva usingizi. Kwa hiyo kwenye lami hutembea mwendo wa mtu anayesindikiza harusi, tena katikati kabisa, ili pande zote zipate haki sawa.

Nyuma yetu yakajipanga magari ya watalii. Nikahesabu saba, kisha tisa, halafu kona ikanizuia. Yote yalikuwa yanatuwashia taa.

"Unaona?" Baba akasema kwa furaha, akiwajibu kwa taa zake. "Vijana hawa wengi nimewafundisha mimi. Wananipa heshima."

Getini mmoja wao akashuka mbio akaja dirishani kwetu, kijana wa Karatu mwenye kofia ya kampuni, jasho linamtoka.

"Shikamoo, aako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mmenifuata taratibu hivyo? Mna wageni wagonjwa?"

"Hapana, aako. Wazima. Wamekupiga picha kisogo cha gari mpaka filamu imeisha, na simba hawajamwona bado."

"Waambie karibu tena," Baba akajibu. Kijana akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta chumvi kikapuni, nikaandika kosa la pili.

Ukingoni hadi Olduvai: vema tupu

Hapa ndipo mtahini alipochanganyikiwa. Tulipoacha geti na kuanza kupanda msituni, kwenye vumbi jekundu na makona, yule mzee wa kwenye lami akatoweka, akaja mtu mwingine. Gia zilikuwa zinaingia bila sauti. Kila kona aliianza mapema na kuimaliza kwa ulaini, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nje ya dirisha. Makona yote ana majina yake. Hii ni Kona ya Mchungaji, gurudumu la mchungaji lilichomokea hapa. Hii ni Kona ya Sufuria, hapa wapishi wa kambi walimwaga ubwabwa wa watu arobaini. Nikaandika vema, vema, vema, mpaka wino ukaanza kufifia.

Tulisimama kwenye kilele kutazama kreta, maana haiwezekani kupita pale bila kusimama hata uwe mwenyeji namna gani. Kulikuwa kweupe, ziwa linang'aa chini. "Ona tembo wale," Baba akasema akinyoosha kidole. Nilitazama. Hapakuwa na tembo, wala hata kivuli cha tembo. "Huwa wanakaa pale," akaongeza.

Bonde la Malanja tukalishuka salama, twiga wakatupisha. Karibu na njia panda ya Olduvai tukakaa kivulini mwa gari kula. Baba akatia mkono kikapuni kutafuta yai akaibuka na daftari.

"La nani hili?"

"La darasa la nne, Baba." Uongo ulinitoka bila hata kupiga chafya.

Akalishika mbali, akalileta karibu, akaligeuza. "Huyu mtoto ana vema nyingi. Mwambie ajitahidi kwenye hizi mbili za mwanzo." Akanirudishia na kumenya yai lake, nami nikashindwa kumeza langu.

Alipokwisha kula akanisimulia tena, mara ya mia, jinsi alivyompata Kimirei. Yeye na daktari wa mifugo walikwenda Piyaya na gari la chanjo wakati wa mvua, gari likazama hadi milangoni, daktari akakimbilia mjini kwa miguu na hakurudi kwa siku tisa. Siku zote tisa Kimirei alimlisha Baba, na siku ya kumi akaleta madume yake kulivuta gari. Baba akampa ng'ombe mwaka uliofuata, Kimirei akamrudishia mwingine, na tangu hapo hawaitani majina. Wanaitana Pakiteng, ndivyo Wamaasai wanavyoitana waliopeana ng'ombe kwa heshima.

"Mtu kama huyo," Baba akasema akikung'uta maganda, "humtumii salamu. Unakwenda."

Piyaya: mdomo wangu

Tulifika jua likiwa bado juu, tumepakwa vumbi mpaka kope. Mzee Kimirei hasikii vizuri, kwa hiyo huongea kwa kupiga kelele hata akisema siri, na Baba haoni vizuri, kwa hiyo alimkumbatia kwanza mzee mwingine. Tulicheka boma zima. Wale wawili wakashikana mikono na hawakuachana mpaka maziwa yakaletwa.

Mimi nilipewa nafasi nyumbani kwa Koko Nasieku, mke mkubwa wa Kimirei, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kizuri cha minada ya Loliondo. Tukiwa tunachemsha chai, wawili tu, mdomo wangu ukanizidi nguvu.

"Koko, hii ndiyo safari yake ya mwisho ya kuendesha. Macho yamechoka. Sisi watoto tunataka aache, ila hatujui tumwambieje."

Akaacha kukoroga. "Hamjui?"

"Hatujui."

"Sisi tunajua," akasema, akaendelea kukoroga. Nilidhani ananipa pole, nikanywa chai yangu, nikalala usingizi mzuri ajabu.

Kosa ni langu, na ni kosa ambalo mtu wa kutoka kwetu tu ndiye angelifanya. Kwetu mzee akichoka tunanong'onezana jikoni mpaka ajue mwenyewe. Kwa Wamaasai mtu haondolewi mahali pake kwa minong'ono. Watu wa rika hupandishwa hadharani: hunyolewa, hubarikiwa kwa maziwa, na wakiamka kesho yake wao ni wakubwa kuliko jana. Koko Nasieku alinielewa vizuri kabisa. Alielewa kwamba tumemleta baba yetu kwao apandishwe, kama watoto wenye adabu wanavyofanya.

Piyaya, siku ya pili: uzee wa kukaa kushoto

Asubuhi Baba alitoka na taulo begani na mswaki mdomoni, akakuta watu. Wazee kama kumi wamevaa mashuka mapya. Kondoo dume mnene amefungwa pembeni. Katikati kigoda, kibuyu cha maziwa na wembe.

"Kuna sherehe ya nani?" Baba akauliza.

"Ya wewe!" Kimirei akapaza sauti. "Kaa, Pakiteng! Leo tunapandisha wewe. Udereva imekwisha, sasa unakuwa mzee."

"Nina miaka sabini na sita. Uzee gani tena sijaufikia?"

"Uzee ya kukaa kushoto!"

Watu wakaangua kicheko, maana hata Piyaya wanajua usukani uko kulia. Baba hakucheka. Akatoa mswaki mdomoni, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Paskalina. Umesema nini hapa?"

Akapita katikati ya wazee bila kumsalimia mtu, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani, akaingia ndani ya Landrova, akafunga mlango. Hakuwasha. Alikaa tu, mikono juu ya usukani. Niliona haya na nilimwonea huruma, vyote pamoja.

Nikachukua daftari nikamfuata, nikakaa kiti cha kushoto.

"Baba, hili si la darasa la nne."

"Najua. Darasa la nne hawafundishwi kona."

"Emanueli alinituma. Nikisema huwezi, wanauza gari."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, bila kunitazama, "Jicho la kulia lilizimika mwaka jana, wakati wa kuvuna mbaazi. La kushoto linaona vya karibu, vya mbali ni vivuli."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mngechukua ufunguo. Halafu? Emanueli ana duka lake, wewe una shule yako. Nani angenileta huku? Ningekaa pale Daa natazama mlango, Kimirei akifa ningepata habari baada ya miezi miwili. Gari si kitu, mwanangu. Naogopa kuachwa pale."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na mafuta ya gari kwenye mikunjo, kama siku zote.

"Sasa unaendeshaje?"

"Kwa kukumbuka. Barabara yote naijua, jiwe kwa jiwe."

"Na lile gunia?"

Akafikiri. "Gunia halikuwepo mwaka jana."

Tukacheka, jamani. Tulicheka mpaka Landrova ikawa inatikisika na wazee wakaanza kusogea kuona kuna nini. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Baba, na watu nao wengi hawakuwepo mwaka jana. Watoto wa shule yangu wanatembea njia ile ile."

Akapangusa vumbi juu ya usukani kwa kiganja, mzunguko mzima, taratibu. Kisha akafungua mlango.

"Haya, ninyoeni kabla sijabadili mawazo," akawaambia wazee, akakaa kwenye kigoda.

Ikatokea shida nyingine. Koko alisema mtu wa kumnyoa mzee siku ya kupandishwa ni mke wake, na mama yetu alishatangulia mbele ya haki. Wakajadiliana, wakaamua mimi. Mimi, ambaye nyumbani hata kuku huchinjiwa na jirani! Nikapewa wembe na maziwa yaliyochanganywa na maji, nikaanza nyuma ya sikio, Kimirei ananipigia kelele, "Juu! Shuka! Acha sikio, hiyo bado anatumia!" Nywele nyeupe zikaanguka kwenye shuka. Nikalia kidogo, na Baba akaniuliza kwa upole kama kalamu yangu nyekundu ingekuwa na makali zaidi.

Wazee wakamnyunyizia maziwa kwa majani na kumwombea, kila mmoja kwa zamu, wengine wakiitikia. Baadaye Kimirei alikiri kwamba sherehe yenyewe walikuwa wameiungaunga, kwa kuwa dereva hajawahi kupandishwa Piyaya, lakini baraka ilikuwa ya kweli. Nyama ikaiva. Nikapewa supu ya magome ya mti wa okiloriti, ile wanayokunywa morani kujitia ukali, nikamaliza bakuli zima kabla hawajaniambia ni ya nani.

Tulikuwa kwenye mbavu, furaha imepanda, ndipo Kimirei akauliza, "Sasa nyumbani mtarudi na nani?"

Koko akatangaza kwamba Baba hawezi kugusa usukani, maziwa yameshamwagwa. Dereva mwingine hakuwepo boma hilo wala la jirani. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Baba akaendelea kutafuna. Akameza. Akajifuta mdomo.

"Paskalina ana leseni," akasema, na naapa alikuwa anafurahia.

Uwandani: somo la Mzee Kimirei

Ni kweli ninayo. Niliipata zamani nilipokuwa chuo, na tangu hapo imekaa pochini pamoja na picha ya kipaimara. Sijawahi kuitumia kwa sababu Baba hakunipa gari, na mtu mwingine mwenye gari simjui.

Siku mbili tulifanya mazoezi uwandani. Uwanda wa Piyaya mwezi Juni ni mahali pazuri pa kujifunzia, hauna kitu cha kugonga toka hapa mpaka milimani. Ulikuwa na kichuguu kimoja. Nikakigonga. Nikarudi nyuma kukikwepa, nikakigonga tena kwa upande mwingine. Watu walikuja kutoka maboma matatu kutazama, na akina mama walikaa chini kabisa, wakajiandaa kwa siku nzima.

Baba alikaa kushoto akifundisha kwa masikio. "Gia inalia, umesikia? Inakuomba. Mpe ya pili." Kimirei alidai kukaa nyuma yangu na fimbo yake, na kila alipotaka nikate kulia alinigonga bega la kulia, kushoto la kushoto, na nikizubaa hunigonga katikati ya mgongo. Alisema madume yake yalifundishika kwa njia hiyo na hayakuwa na leseni. Ukweli ni kwamba jioni ya siku ya pili nilizunguka boma lote bila gari kuzimika, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga pia.

Siku ya kuondoka wale wazee wawili waliagana kwa kifupi. Kimirei alininyooshea fimbo. "Wewe! Desemba unaleta yeye." Sikuombwa. Niliagizwa.

Kurudi: ukungu

Hadi Olduvai tulienda vizuri, vumbi letu nyuma yetu. Malanja nikapanda kwa gia ya pili nikiimba wimbo wa kwaya. Tulipofika juu ukingoni, saa tano asubuhi, tukaingia kwenye ukungu kama tumeingia ndani ya gunia la pamba. Boneti sikuiona. Pembeni najua kuna kreta, nayo inaenda chini kwelikweli. Nikakanyaga breki nikashikilia usukani kwa mikono yote miwili.

"Unaona nini?" Baba akauliza.

"Sioni kitu, Baba! Sioni kitu kabisa!"

"Vizuri. Sasa tuko sawa." Akashusha kioo chake, akatoa kichwa nje, kichwa kipya kinachong'aa. "Washa taa. Gia ya kwanza. Twende, nitakuambia."

Na akaniambia. "Inapinda kulia, ndefu. Bado. Bado. Sasa nyoosha. Hapa kuna shimo, shika kushoto kidogo. Hii ndiyo ya Sufuria, shuka taratibu." Sauti yake ilikuwa ile aliyotusomea nayo sala tukiwa wadogo, haina haraka. Niligeuza usukani pale aliposema geuza, nikanyoosha aliposema nyoosha. Nilikuwa nimeogopa, na wakati huo huo nilitaka kucheka kwa furaha, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

"Simama," akasema ghafla.

Nikasimama. Mbele hapakuwa na kitu. "Kuna nini?"

"Nasikia harufu."

Ukungu ukatikisika, akatokea nyati dume, mkubwa, pembe zimelowa, akavuka mbele ya bampa taratibu bila kutupa hata jicho. Huyo ndiye nyati mnayesema alinikimbiza. Tulimpa salamu ya kimya, akaingia msituni, Baba akasema, "Haya, gia ya kwanza."

Getini jua lilitupokea, na nyuma yetu magari kumi na moja, maana nilikwenda polepole kuliko Baba. Yule kijana wa kofia alikuwa mmoja wao. Akaja dirishani, upande wa kulia kwa mazoea, akanikuta mimi, akazunguka.

"Aako! Umekaa kushoto?"

"Nimepandishwa cheo," Baba akamwambia. "Wewe bado kijana, utafika."

Daa

Tulipoingia uani Emanueli na wadogo zetu walikuwa wamesimama mlangoni, tumechelewa siku mbili na hawakuwa na namna ya kutupata. Waliniona mimi kwenye usukani, kisha kichwa kinachong'aa pembeni. Dada yetu mdogo akaanza kulia kabla sijazima injini. Ilinichukua muda kuwaeleza, na katikati ya maelezo gari likaanza kurudi nyuma, nikakumbuka breki ya mkono.

Emanueli akasubiri nimalize. Ni mtu wa mambo mafupi. "Haya, mwalimu. Neno moja. Anaweza au hawezi?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa bado amekaa ndani, mkono nje ya dirisha, akisubiri kama mimi nilivyokuwa nikimsubiri zamani asome matokeo yangu ya mtihani.

"Hawezi," nikasema. "Jicho moja limezimika, na la pili kwa mbali linaona vivuli tu."

Baba akainamisha kichwa mara moja, kukubali. Hakunikasirikia.

"Basi tunauza," Emanueli akasema, akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

"Nimestaafu mimi," Baba akasema kutoka ndani. "Gari halijastaafu. Alhamisi linanipeleka hospitali ya macho. Jumapili kanisani, na tutapita kwa katekista nimwombe radhi ya ua wake. Desemba Piyaya."

"Nani ataendesha?" Emanueli akauliza, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Akanigeukia. "Wewe utaweza?"

Nilifungua mdomo nijitetee, Baba akanitangulia. "Kwenye kona anazidisha mafuta," akasema. "Klachi anaikanyaga kama anaua nyoka. Kichuguu cha Piyaya amekigonga mara mbili, na hakikuwa kimesogea."

Wote wakangoja amalize kunihukumu.

"Lakini anaona," Baba akasema.